Unene wa Ng'ombe Si Uzima Wake



Juma hili sitazungumzia bei ya pamba, ingawa najua hapa Bariadi ndiyo habari mnayoingoja. Nitazungumzia ng'ombe. Tena si ng'ombe aliyeanguka kwa ndigana au aliyevimba tumbo akafa usiku mmoja, maana hao kila mfugaji anawajua. Nataka tumzungumze ng'ombe anayekula vizuri, anayeng'aa ngozi, anayejaza ndoo asubuhi na jioni, kumbe ndani yake amebeba maradhi yatakayomaliza zizi na pengine kumlaza mwenye zizi kitandani. Maradhi hayo huenda polepole. Hayana haraka kama ya mbio, na ndiyo maana yanatushinda.

Ninaanza na habari ya nyumbani kwetu. Nimemwomba mama yangu ruhusa ya kuisimulia, na amenijibu, "Iseme, baba, labda itamfaa mwingine."

Mwezi Agosti 2019, maonyesho ya Nane Nane kitaifa yalifanyika kwenye viwanja vya Nyakabindi, hapa hapa wilayani Bariadi. Nilikwenda kikazi, na kinasa sauti changu begani. Mdogo wangu alinifuata. Tulisimama muda mrefu kwenye mabanda ya mifugo tukiwatazama ng'ombe wa maziwa, viwele vyao vikubwa kuliko vibuyu vya nyumbani, na wataalamu wakieleza habari za majani na lishe. Nasi ni Wasukuma. Mtu akituonyesha ng'ombe mzuri, usingizi unatuhama. Kabla hatujafika nyumbani tulikuwa tumekwisha kubaliana kwamba mama, ambaye sasa hawezi kulima ekari za pamba, atafaa kupata ng'ombe wa maziwa.

Mwezi Oktoba tukampata mtamba chotara kwa mfugaji wa wilaya nyingine. Alikuwa na mimba ya miezi minne. Tulimlipa mwenyewe shilingi milioni moja na nusu, fedha za mshahara wangu na mauzo ya choroko za mdogo wangu. Tulimwangalia meno, tukamwangalia kwato, tukamwangalia kiwele. Tuliuliza anakula nini. Hatukuuliza kama katika zizi lile kuna ng'ombe aliyewahi kutupa mimba. Wala hatukuuliza kama amewahi kupimwa damu. Ukweli ni kwamba swali hilo halikutujia kabisa. Mama alimpa jina la Tabu, kwa sababu ya taabu tuliyopata kumsafirisha. Hakujua ametabiri.

Mwezi Januari 2020, Tabu akiwa na mimba ya miezi saba, tulimkuta asubuhi ametupa ndama, naye kondo la nyuma limekwama. Mdogo wangu alikunja mikono ya shati akalivuta kwa mikono mitupu, kama alivyowaona wazee wakifanya. Ndama mfu alitupwa nyuma ya mnyaa. Mbwa wakajua la kufanya. Majirani walikuja kutupa pole. Mmoja akasema ni jicho la watu, mwingine akasema amepigwa pembe na mwenzake, wa tatu akasema ni majani ya masika. Kila mtu alikuwa na sababu yake, na sababu zote zilituruhusu tusifanye lolote.

Sasa sikilizeni hapa, maana ndipo ulipo mtego. Tabu alipandwa tena, akashika mimba, na Februari 2021 akazaa ndama dume mzima, akaanza kutoa lita tisa kwa siku. Sote tukasahau. Tukasema mimba ya kwanza ilikuwa bahati mbaya. Mama akawa na wateja kumi na wawili, wakiwamo mama lishe wawili na mwalimu mwenye watoto wadogo. Maziwa mengine yaliingia kwenye kibuyu yakiwa mabichi yakagande, kama tulivyolelewa.

Aprili mwaka huo mdogo wangu akaanza kuugua. Jioni homa inapanda, usiku jasho linalowesha shuka, asubuhi amepata nafuu na anataka kwenda shambani. Kiuno kinauma, magoti yanauma. Alitibiwa malaria mara tatu, akatibiwa homa ya matumbo mara moja. Kwa kuwa ulikuwa wakati wa korona, kuna waliokataa hata kukaa naye kivulini. Miezi mitatu ikapita. Kijana aliyekuwa akipakia magunia akawa anashika fimbo. Mpaka siku moja, tabibu mmoja kijana, badala ya kumwandikia dawa za malaria mara ya nne, akamwuliza swali la maneno mawili tu: "Kaka, unafuga?"

Damu ikapimwa. Ilikuwa bruselosi, ugonjwa ule ule unaowafanya ng'ombe watupe mimba.

Ndugu wasikilizaji, tuuelewe ugonjwa huu, maana nimegundua kwamba hata mimi mwandishi wa habari nilikuwa nalijua jina tu. Unaletwa na kijidudu kiitwacho brusela. Kwa ng'ombe jike kinapenda kukaa kwenye mji wa mimba na kwenye kiwele. Mimba ya kwanza baada ya kuambukizwa mara nyingi huharibika, hasa kuanzia mwezi wa tano kwenda mbele. Baada ya hapo mwili wa ng'ombe huzoeana nao. Wengi huzaa ndama hai mimba zinazofuata na kuonekana wazima kabisa, lakini kila wanapozaa, maji ya uzazi na kondo la nyuma hujaa vijidudu, na maziwa nayo huweza kuvitoa kwa miaka. Ng'ombe wengine hunusa na kulamba, na malisho yakichafuka, zizi zima linapata. Ndama jike aliyezaliwa na mama mwenye ugonjwa anaweza kupimwa akaonekana safi, kisha ukajitokeza yeye mwenyewe anapokuja kuzaa. Kwa hiyo yule Tabu aliyetoa lita tisa alikuwa hatari kuliko yule Tabu aliyetupa mimba, kwa sababu sasa tulikuwa tunamwamini.

Binadamu huupata kwa kunywa maziwa mabichi, au kwa kushika uchafu wa uzazi kwa mikono mitupu, hasa akiwa na mchubuko. Mdogo wangu alipita njia zote mbili. Dawa zipo na zinaponyesha, lakini ni za majuma sita, tena si dawa ya aina moja. Mgonjwa akijiona nafuu juma la pili akaacha, ugonjwa unarudi.

Na haya si mambo ya jana. Mwaka 1887 daktari wa jeshi la Uingereza, David Bruce, alikiona kijidudu cha jamii hii kwenye miili ya askari waliokufa kwa homa katika kisiwa cha Malta. Ilichukua mpaka mwaka 1905 ndipo daktari wa kisiwa hicho, Themistocles Zammit, alipogundua kwamba askari walikuwa wanakipata kwenye maziwa ya mbuzi. Na mbuzi wenyewe walikuwa wazima wa kutazama! Mwaka 1906 askari walipokatazwa maziwa hayo, homa ikapungua sana kambini. Askari walikunywa maziwa ya mbuzi wanono miaka yote ile kwa sababu macho yao yaliwaambia mbuzi hawana neno.

Nirudi nyumbani. Tulimwita mtaalamu wa mifugo. Alikuwa dada wa makamo, akamwamkia mama shikamoo, akavaa glavu, akachukua damu ya kila ng'ombe. Tulikuwa na wanne: Tabu, ndama wake, na majike mawili ya asili. Kipimo chenyewe si cha ajabu. Tone la maji ya damu linachanganywa na tone la dawa yenye rangi ya waridi kwenye kibao cheupe, kinatikiswa polepole, na kwa dakika nne unatazama. Ikibaki laini kama juisi, huyo ni salama. Ikiganda chembechembe kama maziwa yaliyokatika, huyo ana kinga za ugonjwa mwilini. Tabu aliganda. Na jike moja la asili, ambalo halikuwahi kutupa mimba wala kukohoa, liliganda pia. Dakika nne, ndugu zangu. Miaka miwili ya kujifariji ilijibiwa kwa dakika nne.

Mtaalamu yule hakuishia hapo. Alituambia kwamba kuna ugonjwa wa pili unaokwenda polepole zaidi ya huo, nao ni kifua kikuu cha ng'ombe. Ng'ombe anaweza kukaa nao miezi hata miaka bila kuonyesha kitu. Kukonda, kikohozi cha asubuhi na tezi kuvimba ni dalili za mwisho, wakati amekwisha kuwapumulia wenzake puani kwa muda mrefu. Ng'ombe wa maziwa wanaofungiwa banda moja, pua kwa pua, huambukizana kwa urahisi. Ndama hupata kwa kunyonya.

Kipimo chake kinataka subira. Shingo inanyolewa sehemu mbili, unene wa ngozi unapimwa kwa kifaa, kisha inachomwa tuberkulini ya ng'ombe upande mmoja na ya ndege upande mwingine. Ile ya ndege ni ya kulinganisha, kwa sababu kuna vijidudu vya jamii hiyo vinavyoishi kwenye udongo na maji ambavyo vinaweza kudanganya. Baada ya saa 72 mpimaji anarudi kupima uvimbe. Wetu walichomwa Jumatatu, wakasomwa Alhamisi. Uvimbe wa tuberkulini ya ng'ombe ukizidi ule wa ndege kwa zaidi ya milimita nne, huyo anahesabiwa kuwa ameambukizwa. Ukiwa katikati, anatengwa na kupimwa tena baada ya majuma sita. Wetu walikuwa salama. Lakini alituonya kwamba kipimo nacho kina mipaka. Ng'ombe aliyezaa karibuni anaweza asivimbe, na hata yule aliyekwisha kuliwa na ugonjwa anaweza asivimbe. Ndiyo sababu kupima mara moja hakutoshi.

Pengine mtu atasema, hilo la kifua kikuu kutoka kwa ng'ombe ni hadithi ya kutuuzia vipimo. Hata mwanasayansi mkubwa aliwahi kusema hivyo. Robert Koch wa Ujerumani, ambaye mwaka 1882 alitangaza kukigundua kijidudu cha kifua kikuu, alisimama London mwaka 1901 akasema kile cha ng'ombe si tishio kubwa kwa binadamu. Waingereza wakaunda tume iliyofanya kazi miaka kumi, na mwaka 1911 ikahitimisha kwamba Koch amekosea: maziwa ya ng'ombe mgonjwa yalikuwa yanawaua watoto. Hapa kwetu, mwaka 2001 Rudovick Kazwala na wenzake wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine walichapisha matokeo ya kuonyesha kwamba walikipata kijidudu cha ng'ombe kwenye tezi za shingo za wagonjwa Watanzania. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2016 watu zaidi ya 140,000 duniani waliugua kifua kikuu kilichotoka kwa wanyama, Afrika ikiongoza kwa idadi. Na kijidudu hiki cha ng'ombe kwa asili yake hakisikii pirazinamidi, moja ya dawa nne ambazo mgonjwa wa kifua kikuu huanzishiwa hospitalini.

Sisi wa Simiyu tuna jambo jingine la kutufikirisha. Mkoa wetu umepakana na Hifadhi ya Serengeti na pori la akiba la Maswa. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2005 ulikikuta kijidudu cha kifua kikuu cha ng'ombe kwa nyumbu na nyamera wa kaskazini mwa nchi. Sisemi kwamba nyumbu ndiye mkosaji. Huenda ni sisi tuliompelekea. Nasema tu kwamba mpaka wa hifadhi hauzuii vijidudu, na ng'ombe wetu wanatembea. Wanakwenda malishoni wakati wa kiangazi, wanakwenda mnadani, wanakwenda kwa mjomba kutunzwa, wanakwenda kuwa mahari. Ng'ombe mmoja wa Itilima anaweza kulala Maswa, akauzwa Meatu, akaozeshea binti Busega. Ni jambo jema, ndilo linalotuunganisha. Lakini ugonjwa unaokaa kimya miaka miwili unapata safari ya bure.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Baada ya majibu, mama alikuwa na ng'ombe wawili wenye ugonjwa. Tiba ya ng'ombe haishauriwi, kwa bruselosi wala kwa kifua kikuu, kwa sababu dawa ni nyingi, muda ni mrefu, na ugonjwa hubaki umejificha. Juma lile lile akaja mchuuzi. Alimzunguka Tabu mara mbili akasema atatoa shilingi milioni moja na laki mbili hapo hapo. Hakuuliza kitu, kama sisi tulivyokuwa hatukuuliza. Machinjioni tungepata laki sita na nusu.

Nakiri mbele yenu kwamba nilitaka tumuuze kwa mchuuzi. Nilihesabu dawa za mdogo wangu, nikahesabu nauli, nikaona hasara inatosha. Nilimwambia mama, "Aliyetuuzia hakutuambia." Mama akanyamaza kidogo, kisha akaniambia, "Ndiyo, baba. Na wewe ungependa mama wa nani aletewe huyu?"

Tabu alikwenda machinjioni pamoja na yule jike wa asili, tukamweleza mkaguzi wa nyama habari yote, naye akaamuru viwele na viungo vya uzazi vifukiwe. Ndama dume alinenepeshwa akafuata njia hiyo hiyo. Kisha mama akafanya jambo ambalo mimi, mwenye kipaza sauti, sikulifikiria. Alijifunga kitenge akapita kwa wateja wake kumi na wawili, nyumba kwa nyumba, akawaambia maziwa aliyowauzia yalitoka kwa ng'ombe mwenye ugonjwa, na kwamba yeyote mwenye homa isiyoisha aende akapimwe. Wawili walimfokea. Mmoja hakununua tena kitu kwake. Na mama lishe mmoja, aliyekuwa na maumivu ya viungo tangu Pasaka, alikwenda akapimwa, akakutwa nao, akatibiwa.

Wazee walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Kwa maradhi haya ya ng'ombe, naona anayeficha mara nyingi haumbuki yeye. Anaumbuka jirani yake.

Tufanye nini basi? Kwanza tuelewe kwamba chanjo tunayoifahamu si ngao ya kila kitu. Mwezi Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua hapa hapa Bariadi kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo. Ng'ombe wanachanjwa homa ya mapafu, mbuzi na kondoo sotoka yao, na kuku kideri. Ni kazi kubwa na ya kushukuru. Lakini nimewasikia wafugaji wakisema, "Wangu wamechanjwa, hawana ugonjwa." Chanjo ya homa ya mapafu haizuii bruselosi wala kifua kikuu. Chanjo ya bruselosi ipo duniani, hupewa mitamba wakiwa wadogo, na ni ya vijidudu hai, hivyo huchomwa na mtaalamu tu. Ile sehemu ya pili ya kampeni, yaani hereni ya sikioni, naiona ni hazina kwa habari yetu ya leo. Ng'ombe mwenye namba anaweza kuwa na cheti. Akipimwa, jibu linamfuata anakokwenda.

Pili, kila anayenunua ng'ombe wa maziwa aulize maswali mawili kabla ya kuuliza bei: kuna aliyetupa mimba kwenye zizi hili? Amepimwa lini? Kisha ampime mwenyewe, amtenge siku thelathini mbali na wenzake, ampime tena, ndipo amwingize zizini. Gharama ya damu haifiki hata bei ya mkia.

Tatu, ng'ombe akitupa mimba, chukulieni kuwa ni hatari mpaka kipimo kiseme vinginevyo. Mtengeni. Msishike kwa mikono mitupu. Kama glavu hakuna, hata mifuko ya plastiki mizima ni bora kuliko ngozi. Wajawazito wakae mbali kabisa. Ndama mfu na kondo la nyuma vifukiwe kina kirefu mbwa wasifukue, na chokaa ikipatikana imwagwe. Mwiteni afisa mifugo siku hiyo hiyo, achukue sampuli. Kwa kanda yetu Wakala ya Maabara ya Veterinari, iliyoanzishwa mwaka 2012, ina kituo Mwanza. Si mbali.

Nne, dume la kuazimana, lile linalozunguka kijiji kizima, hubeba magonjwa ya kijiji kizima. Mbegu za madume yaliyopimwa hutoka kituo cha taifa cha uhamilishaji, Usa River, Arusha. Tudai huduma hiyo itufikie.

Tano, chemsheni maziwa mpaka yafure. Na mgando je? Uchachu wa maziwa si moto. Chemsha kwanza, acha yapoe, kisha weka kijiko cha mgando wa jana. Kibuyu hakitakasirika, na ladha itabaki ile ile.

Kuna jambo la sita, na hili nawaelekezea viongozi wa vikundi, halmashauri na wakusanyaji wa maziwa. Wilaya ya Meatu imekwisha kulitangaza jina la mkoa kwa maziwa yake, kama Maswa ilivyojulikana kwa chaki. Mahali maziwa yanapokusanywa ndipo ugonjwa unapoweza kugunduliwa kwa bei ndogo. Kuna kipimo cha maziwa ambacho unatia tone la dawa yenye rangi kwenye kichupa cha maziwa, unasubiri, na pete ya rangi ikijitokeza kwenye malai ya juu, unajua kuna ng'ombe wa kufuatiliwa kati ya waliokamuliwa. Kichupa kimoja kwa kila mfugaji, kila baada ya miezi michache, na hakuna ng'ombe aliyechomwa sindano.

Najua mtakachoniuliza: na mwenye ng'ombe aliyekutwa na ugonjwa atafidiwa na nani? Ni swali la haki. Mtu akijua kwamba jibu la kipimo ni hasara tupu, atakimbia kipimo. Nchini Marekani walianza mwaka 1917 kupima na kuchinja walioambukizwa kifua kikuu, serikali ikilipa sehemu ya hasara. Walianza na karibu ng'ombe watano walioambukizwa katika kila mia, na kufikia 1940 hawakufika hata nusu ya mmoja katika mia. Lakini kuna njia ya wasio na hazina kubwa. Kule Denmark, miaka ya 1890, daktari wa mifugo Bernhard Bang hakuwaua wote. Aliwapima kwa tuberkulini, akaligawa kundi mara mbili, wazima huku na walioambukizwa kule, na ndama wakanyweshwa maziwa yaliyochemshwa ili wakue wakiwa safi. Mwaka hadi mwaka kundi safi likakua na lile jingine likapungua. Na ni Bang huyo huyo aliyetangaza mwaka 1897 kijidudu kinachowafanya ng'ombe watupe mimba.

Sisi nasi tupige hesabu yetu. Kikundi cha wafugaji arobaini, kila mmoja akiuza lita tano kwa siku, ni lita mia mbili. Wakikata shilingi kumi kwa lita, ni shilingi 2,000 kwa siku, na kwa mwaka ni 730,000. Haimnunui mtamba chotara, lakini inajaza pengo kati ya bei ya mchuuzi na bei ya machinjioni kwa ng'ombe mmoja, na chenji inabaki. Kwa mama yangu pengo lile lilikuwa 550,000. Hiyo ndiyo bei iliyokuwa inatuvuta kumwuzia mwenzetu ugonjwa. Kikundi kinaweza kuilipa.

Mdogo wangu alipona, ingawa goti moja bado linamkumbusha siku za baridi. Banda lilisafishwa likakaa bila ng'ombe mgeni muda mrefu. Mwaka 2023 tukanunua mtamba mwingine. Mara hii tulikwenda na mama mwenyewe. Muuzaji alianza kusifu kiwele na ukoo wa baba yake. Mama alimsikiliza kwa adabu mpaka akamaliza, kisha akamwambia, "Ahsante, baba. Na cheti chake cha damu kiko wapi?"

Hakuwa nacho. Tulirudi nyumbani mikono mitupu, tukarudi tena baada ya majuma mawili, mtamba amekwisha kupimwa, na muuzaji aligundua kwamba jike lake jingine lina tatizo. Hakutuchukia. Alituuzia yule salama.

Ndugu wasikilizaji, sina la kuongeza. Ukitoka kukamua jioni ya leo, mtazame yule unayemwamini kuliko wote, kisha ujiulize lini alipimwa.

Tukutane juma lijalo, Mungu akipenda. Kwaherini.